Meli ya Fedha Iliyokwenda Kitahana

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja, wanangu, maana limewahi kunifukuzia mteja. Mimi nikisema fedha, sisemi hela. Nasema madini, yale meupe yanayotoka motoni yaking'aa kama tumbo la dagaa. Mtu akija dukani kwangu Kasulu akaniambia, "Mama Fundi, nina sarafu ya fedha," nilikuwa namuuliza, "Ya kununulia chumvi au ya kuvaa?" Wengi walicheka. Bwana mmoja wa ofisini, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali, alidhani namkejeli. Alichukua pete yake akaenda zake, na mpaka anahama hakunisalimia tena.

Jina langu ni Skolastika. Nilikuwa sonara katika soko la Kasulu mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, nikaona nisije nikamchoma mtu kidole. Walimu wenu wanasema ninyi vijana mnajifunza kuchomelea mageti, kushona, kufungua simu na kuzifunga tena. Ni vizuri. Wameniomba niseme nanyi machache, na kwa kuwa hotuba sina, nitawasimulia mambo ya kazi kama yanavyonijia. Nikiruka huku na huko, nivumilieni.

Kazi nilifundishwa na Mzee Idi, mtu wa Ujiji aliyepanda huku milimani kwa sababu, kwa maneno yake, Ujiji kulikuwa na masonara wengi kuliko masikio ya kuvalisha herini. Nilianza kwake kama mfagiaji. Msicheke. Kufagia duka la sonara ni kazi ya heshima, kwa kuwa taka zake haziendi jalalani. Kila ukipiga tupa, vumbi la fedha linaanguka. Unalifagia, unaliweka kwenye debe pamoja na majivu na nywele na kila kitu, na debe likijaa unachoma, unaosha, unayeyusha, na ndani ya uchafu ule inatoka fedha ya kutosha pete.

Sasa siku moja shemeji yake Mzee Idi alikuja kututembelea, mama msafi kupita kiasi. Sisi tulikwenda kula, yeye akaona amsaidie shemeji. Akafagia duka zima, akachukua na lile debe, akalimwaga barabarani. Tuliporudi tulimkuta ameketi mlangoni, anafuta jasho, anasubiri shukrani. Mzee Idi alivua kofia, akapiga magoti katikati ya barabara, akaanza kukusanya mchanga kwa viganja. Watu wa sokoni walidhani amepatwa na wazimu. Tulichekecha barabara ile mpaka jua likazama, na shemeji akichekecha pamoja nasi, analia na kucheka kwa zamu.

Lakini yule mzee alikuwa na kanuni moja ambayo ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote. Alisema, fedha ya mtu ichome mbele ya mwenyewe. Mtu akikuletea bangili ya mama yake uiyeyushe, usimwambie aje kesho. Mpe kigoda akae. Aone inavyolegea, aone inavyogeuka maji, aone maji yaleyale yakimiminwa. Ukimrudisha nyumbani, hata ukiwa mwaminifu kama malaika, atalala na swali, na swali hilo litavaliwa pamoja na pete. Kanuni hiyo mtaikuta tena kwenye habari ninayotaka kuwasimulia, habari ya sarafu yenye meli ya vita.

Walikuja watatu, mchana, wakitokea hospitali ya Kabanga. Mbele alikuwa mama mwembamba mrefu, Perpetua, mkulima wa Kitahana kule Kibondo. Nyuma yake binti yake, Generoza, mwalimu wa shule ya msingi. Katikati, ameshikwa mikono yote miwili, alikuwa Mzee Zakaria, mumewe Perpetua. Alivaa koti zito na alitembea kifua mbele. Alipofika kwenye kizingiti alikigusa kwa ncha ya kiatu kabla ya kukivuka, nikajua haoni.

"Amahoro, fundi," alisalimia.

"Amahoro, mzee. Karibuni, kuna benchi mkono wa kushoto."

Tulizungumza habari za njia, habari za maharage, kama ilivyo desturi. Kisha Perpetua akaniambia walikotoka. Macho ya mumewe yalikuwa yamefifia kidogo kidogo kwa presha ya macho, na siku hiyo daktari alikuwa amewakalisha akawaeleza kwa upole kwamba hayatarudi. Alieleza bila kulia. Nadhani alikuwa amekwisha kulia njiani.

Ndipo Generoza akafungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa akatoa kasha dogo la mviringo la plastiki, lile linaloonyesha kilichomo. Ndani yake kulikuwa na sarafu. Wanangu, nimeshika fedha nyingi, lakini ile ilinifanya niisogeze mwangani. Uso wake ulikuwa kama kioo cha kujitazamia, na juu ya kioo hicho ilisimama meli, bomba la moshi katikati, mzinga mbele, mawimbi chini yake membamba kama nywele.

"Ni Liemba," alisema Mzee Zakaria. "Unaijua Liemba?"

Nani katika mkoa huu asiyeijua? Lakini mimi ni mtu wa milimani. Niliijua kwa kuisikia tu, sikuwahi kuiona. Yeye ndiye aliyenisimulia. Wajerumani waliileta kutoka kwao ikiwa vipande kwenye makasha, wakaiunganisha Kigoma, wakaifunga mizinga iwatawalie ziwa. Vita vilipowaelemea waliizamisha wenyewe. "Ila kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi," alisema, na hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Mtu haogeshi maiti namna hiyo kama hategemei ifufuke." Na kweli ilifufuka. Waingereza waliiopoa, ikageuka meli ya abiria, ikabeba watu na dagaa na mananasi kwa miaka isiyokwisha.

Zakaria alizaliwa ng'ambo, Burundi, kando ya ziwa hilohilo. Alivuka na wazazi wake akiwa kijana, wakimbizi, na kazi ya kwanza aliyoipata katika nchi hii ilikuwa kwenye chumba cha mashine cha meli ile, kupaka mafuta na kusikiliza. Siku hizi ni raia na mkulima. Lakini kumbe wageni fulani wanaopenda meli kongwe walikuwa wamepigisha huko Ulaya sarafu za ukumbusho za meli hiyo, wakawagawia na wazee waliowahi kuitumikia. Yake ilimfikia wakati macho yamekwisha kuwa ukungu.

"Sasa nataka uifungue," aliniambia. "Niishike."

"Baba," alisema Generoza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudia jambo hilohilo tangu asubuhi. "Baba, tulikubaliana. Ikitolewa ikashikwa inaharibika. Huu ni ukumbusho wa familia, watoto wangu watakuja kuuona."

"Ukumbusho wa nani, mwanangu, kama mimi niliyekuwamo siwezi kuukumbuka?"

Generoza akanigeukia mimi. "Mama Fundi, mwambie. Si kweli inaharibika?"

Nilikuwa kwenye njia panda. Fundi akiulizwa jambo la kazi aseme kweli, hata kama kweli hiyo inamuumiza yule anayemhurumia. Nikasema, "Mwalimu yuko sahihi, mzee. Uso kama huu ukiguswa kwa kidole tu, jasho linaacha alama, na alama ile haitoki. Na ukijaribu kuing'arisha ndiyo unaiua kabisa." Hilo nanyi mlishike: sarafu ya namna hiyo haisuguliwi, haifutwi hata kwa kitambaa cha hariri. Inashikwa kwa ukingo.

Mzee Zakaria alikunja viganja vyake juu ya magoti. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa peke yangu huwa nayasikia. "Fundi, watu wanadhani macho yakifa yanakuachia picha zako. Hayakuachii. Nazo zinaondoka, moja moja. Sura ya mama yangu imekwisha ondoka. Najua alikuwa na kovu hapa, lakini najua kwa maneno, silioni tena. Na sasa meli nayo inaondoka. Jana nilijaribu kukumbuka ngazi ya kushukia chini ilikuwa upande gani. Sikuipata."

Nje mtu alikuwa anatangaza bei ya viatu vya mitumba kwa kipaza sauti. Generoza alitazama sakafu. Kisha akalisukuma lile kasha taratibu mpaka mbele yangu.

Nililifungua. Nikaosha mikono ya mzee kwa sabuni, nikaikausha, nikamwekea sarafu kiganjani. Aliipapasa kwa kidole cha kwanza, polepole, kisha kwa kidole gumba. Akaigeuza. Akaipapasa tena. Sisi sote tuliutazama uso wake, na uso ule ulikuwa unangoja. Ulingoja, ulingoja, na haukupata kitu.

"Perpetua," aliuliza kwa sauti ya chini, "hii ndiyo yenyewe? Hamkuchanganya na nyingine?"

"Ndiyo yenyewe, baba Gene."

"Aah." Akanirudishia. "Asante, fundi. Ni nzuri sana."

Alisema "ni nzuri sana" kama mgeni anavyosifu chakula kisicho na chumvi. Mimi nilielewa kilichotokea. Michoro ya sarafu kama ile ni ya macho, imeinuka unene wa karatasi tu. Kwa kidole cha mkulima, kidole kilichoshika jembe na kabla ya jembe kilishika spana, ilikuwa sahani tupu yenye mikwaruzo.

Nilikuwa narudisha sarafu kwenye kasha niliposikia Perpetua akiguna. Alikuwa anavuta bangili mkononi mwake. Haikuwa na ubishi, ilipita kwenye vifundo vya vidole ikatoka. Bangili nene, ya fedha ya zamani, nyeusi kwa moshi wa jikoni. Akaigonga mezani.

"Hii unaweza kuifanya meli? Meli ya kushikika? Hata kipofu aseme hapa ni pua, hapa ni mgongo?"

"Mama!" Generoza alisimama. "Hiyo ni ya ndoa yako."

"Aliinunua kwa mshahara wa meli," alisema Perpetua. "Si itakuwa inarudi kwao tu. Na mimi mkono umekonda, kila nikilima inaanguka kwenye majani naitafuta kama mbuzi aliyepotea. Fundi, inatosha au haitoshi?"

Mzee Zakaria alikuwa amegeuza uso kule ilikotoka sauti ya bangili. "Perpetua we," alisema.

Nikawaambia inatosha. Nikawaambia pia kanuni ya Mzee Idi, kwamba siichomi wasipokuwepo. Basi walibaki Kasulu, kwa ndugu yao aliyeishi jirani na soko, na kila siku wale wazee wawili walikuja kukaa dukani kwangu. Generoza alirudi Kibondo kufundisha.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, nyie mnaopenda mambo ya mikono. Nilikata bangili vipande, nikavitia kwenye chungu cha kuyeyushia pamoja na unga wa kusafishia, nikawasha tochi ya gesi. Perpetua alikaa karibu, ameegemeza kidevu kwenye ngumi. Fedha ikiwa tayari haichemki kwa kelele, inajikunja kama tone la umande kwenye jani la gimbi, inazunguka. "Mawe, mama yangu!" alisema. "Imekuwa maji." Akamweleza mumewe kila hatua, nikaona hawa watu wamekwisha kuzoea, mmoja anaona kwa ajili ya wote wawili.

Nikamimina, nikapata kipande, nikaanza kukifua kiwe bati. Hapa wengi hukosea. Fedha ni kama mtu mpole, inakuvumilia, inakuvumilia, halafu siku moja inakataa ghafla. Ukiifua sana inakuwa ngumu, lazima uirudishe motoni ilainike, upoze, ufue, urudishe tena. Uvivu wa kuirudisha motoni ndio unaoipasua. Bati likishakuwa tayari unalilaza juu ya lami laini, unaligonga kwa nyuma kwa vyuma vyenye ncha butu, na kila unapogonga nyuma, mbele panavimba. Ndivyo unavyoinua pua ya meli, bomba la moshi, kila kitu. Unafanya kazi kinyumenyume, huoni unachokitengeneza mpaka ukigeuze.

Nilitumia mchoro wa sarafu, na kazi ilikwenda vizuri. Nikafika kwenye bomba la moshi. Nilitaka lisimame sana, lishikike vizuri, kwa hiyo nikagonga kidogo, nikagonga tena, nikijiambia nitairudisha motoni baada ya pigo hili, baada ya hili tu.

"Fundi, simama," alisema Mzee Zakaria kutoka kwenye benchi. "Imepasuka."

Nikageuza bati. Kweli, ufa mwembamba kuliko uzi, chini ya bomba. Mimi mwenyewe nilikuwa sijauona.

"Umejuaje, mzee?"

"Ilikuwa inasema ting. Sasa imesema teng." Akacheka. "Kule chini hatukuwa tunaona kitu, moshi na mvuke. Bwana mkubwa wetu alitwambia masikio ndiyo taa."

Nilitaka kuuziba ufa kwa kulehemu, na ningeweza. Lakini nilimpa mzee alishike lile bati ili nami nipumzike kidogo, vidole vyake vikafika mbele, kwenye mzinga nilioufua kwa uangalifu kama ulivyo kwenye sarafu.

"Na huu mti ni nini?"

"Mzinga, mzee."

"Mzinga?" Alishangaa kabisa. "Mimi sikuwahi kuuona mzinga. Ulikwisha kutolewa kabla hata baba yangu hajaoa. Hapa palikuwa na winchi ya kupakilia mizigo. Na mlango wa ubavuni, mbona sioni mlango wa ubavuni? Watu walikuwa wanaingilia hapo kutoka kwenye mitumbwi."

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa namtengenezea meli ya Wajerumani. Yeye alitaka yake. Nikalirudisha bati zima kwenye chungu, likawa maji tena. Perpetua alisogeza kigoda tu ili aone vizuri.

Tatizo likawa hili: meli yake ilikuwa kichwani mwake, tena inafifia, na mimi sijawahi hata kuikaribia. Atanionyesha vipi? Jawabu lilikuja Jumamosi, likishuka kwenye basi la Kibondo. Generoza, aliyekwisha kuelezwa na mama yake kwa simu, alileta ndoo ya udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, ule anaowapa watoto wa darasa la kwanza watengeneze ng'ombe na vyungu.

"Baba," alisema, "hujawahi kunisimulia meli. Ulikuwa unatusimulia samaki tu. Nisimulie nami nitaifinyanga, wewe uishike, ukikataa naifuta."

Nilitamani mngekuwepo. Mwalimu mzima na gauni lake la Jumamosi, amekaa chini sakafuni kwangu, udongo mpaka kwenye viwiko. Baba yake amepiga magoti mbele yake, mikono ya baba juu ya mikono ya binti.

"Hapana, mwanangu, mgongo si mrefu hivyo. Punguza. Ehee. Bomba lilale nyuma kidogo, kama mtu aliyeshiba."

"Hivi?"

"Zaidi. Hapo. Sasa kulia kwake, ngoja... kulia kwake palikuwa na..." Vidole vikaganda hewani. Generoza alishusha mkono mmoja wa baba yake mpaka kwenye udongo, akautuliza hapo, akangoja bila kumharakisha. "Ngazi," alisema mzee. "Ngazi ya kushukia chini ilikuwa kulia. Nimeipata. Perpetua, nimeipata, ilikuwa kulia!"

Perpetua alijifanya anatafuta kitu kwenye kikapu. Alitafuta muda mrefu.

Niliifua meli ile upya kwa kufuata udongo, na safari hii niliirudisha motoni kila iliponiomba. Ilikuwa na mlango wa ubavuni, na winchi, na bomba la mtu aliyeshiba. Ukubwa wake kiganja cha mtu mzima. Nikaisafisha kwa ndimu na chumvi, nikalainisha kila ncha isije ikamkata. Ilibaki kazi moja: kufunga nyuma kwa bati jembamba, maana kitu kilichofuliwa namna ile huwa na shimo nyuma, na mteja hapendi kuona shimo. Kabla ya kufunga nilimpa aikague.

Alianzia kwenye pua. Safari hii uso wake haukungoja. Vidole vilitembea juu ya sitaha kama mtu anayerudi nyumbani kwake, na midomo yake ilikuwa inataja. Alipofika nyuma, karibu na mwisho, alisimama.

"Perpetua. Hapa ndipo ulipokuwa umekaa na kuku wako."

"Sikukaa hapo," alisema Perpetua papo hapo. "Hapo ni juani. Mimi nilikaa upande wa pili, kwenye kivuli."

"Ulikaa hapa."

"Zakaria, kuku alikuwa wangu na miguu ilikuwa yangu. Upande wa pili."

Generoza alinitazama, macho yamemtoka. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia. Perpetua ndiye aliyetueleza, huku akijidai amekasirika. Alikuwa msichana, anasafiri kumtazama dada yake aliyeolewa kusini mwa ziwa, amemchukulia zawadi ya kuku. Kamba ilikatika, kuku akakimbia juu ya mizigo ya watu, akatumbukia kwenye tundu la ngazi, akapotelea chini kwenye mashine. Yeye alikaa akalia. Baadaye akatokea kijana mweusi kwa mafuta tangu kichwani hadi miguuni, mkononi ameshika kuku mweusi kwa mafuta vilevile. "Na kuku alikuwa mweupe," alisema Perpetua. "Nikamwambia huyu si wangu. Akaapa ni wangu. Tulibishana mpaka meli ikafika."

"Na mpaka leo," alisema mzee. Akaigeuza meli kiganjani, kuutafuta upande wa pili, upande wa kivuli. Lakini upande wa pili haukuwepo. Kidole chake kilitumbukia kwenye shimo.

Nilitaka kumwomba radhi, kumweleza kwamba bado sijafunga. Nikaona uso wake, nikaacha. Alikuwa ameingiza kidole chote ndani, anapapasa chini ya sitaha, chini ya bomba, pale nilipogonga kwa vyuma vyangu.

"Ni ndani," alisema. "Hapa ni ndani. Mimi nilikuwa humu."

"Ndiyo, mzee. Hapo nitafunika, nitaweka bati..."

"Usifunike." Alisema kwa upole, lakini nilijua ni amri. "Watu wote wanaijua meli kwa nje. Mimi kazi yangu ilikuwa humu. Nilikuwa nasikia miguu yao juu ya kichwa changu, wanacheka, wanapika chai. Siku ile, kabla ya kuku, na wewe ulikuwa hapo juu, Perpetua. Hapa hapa. Na mimi sikujua."

Perpetua alisogea kwenye benchi. Akaweka kidole chake juu ya sitaha, upande aliokuwa ameukataa, na cha mumewe kikiwa chini yake, fedha katikati. Hawakubishana tena.

Sikuifunga. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kumkabidhi mteja na shimo lake. Ile sarafu ya mzinga ilirudi kwenye kasha, Generoza anayo Kibondo, ina alama ya kidole gumba cha baba yake katikati ya kioo, na ameniambia mtu asiiguse hiyo alama.

Siku hizi vito vinakuja vimetengenezwa tayari na mashine, kutoka ng'ambo, vizuri na rahisi, na sina ugomvi navyo. Hata kuna mtambo unaoweza kuinua meli ile wakati wewe unakunywa chai. Utumieni. Ila mtambo hauwezi kukusikia ukisema bomba lilale kama mtu aliyeshiba. Hilo litabaki kazi yenu.

Nilikwenda Kitahana hivi karibuni kuwasalimia. Mzee Zakaria yupo, amezeeka sana, anakaa uani juani na meli ile mfukoni mwa koti. Ncha ya bomba imelainika kwa kushikwa. Perpetua alinipa ugali wa muhogo na maharage, tukazungumza, na katika mazungumzo nikamwambia mzee kwamba mpaka leo, na uzee huu wote, sijapanda meli hiyo wala nyingine yoyote.

Alishtuka kama nimemwambia sijabatizwa.

"Lete mkono," alisema. "Fumba macho."

Nikafumba. Akakishika kidole changu hiki kinachotetemeka, akakituliza ndani ya vidole vyake, akakiweka kwenye mlango wa ubavuni.

"Panda, fundi. Taratibu. Hapa pana ngazi, kulia, tunashuka chini. Angalia, mlango wa huku ni mfupi."

Nikainamisha kichwa.